Cheni iliyokazwa sana haiongezi nguvu ya pikipiki

Kuna ujumbe usioisha kwenye magrupu ya bodaboda hapa Dodoma: kaza cheni mpaka isicheze kabisa, pikipiki itavuta zaidi na kula mafuta kidogo. Si kweli.

Cheni lazima icheze. Ukipakia matenga ya zabibu kutoka Hombolo, shokapu zikabonyea, umbali kati ya sproketi mbili (magurudumu yenye meno yanayoshika cheni, mbele na nyuma) hubadilika. Cheni isiyo na nafasi hukakamaa, huongeza msuguano na kuumiza beringi.

Kupima si kazi. Zima injini, weka gia frii, simamisha kwa stendi kubwa, kisha inua na kushusha upande wa chini wa cheni, katikati, rula ikiwa pembeni, usome inacheza kiasi gani. Pikipiki nyingi ndogo hutaka milimita 20 hadi 30 hivi. Kipimo cha yako kimo kwenye kitabu chake. Zungusha gurudumu upime tena, maana cheni haichakai sawasawa.

Mkanganyiko unaeleweka: cheni iliyolegea hupiga kelele, ukiikaza kidogo inatulia, basi mtu anadhani ikikazwa zaidi itakuwa bora zaidi. (Kelele nyingine ni vumbi na ukavu tu, inataka oili.) Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze, mjibu aliyeutuma kwa kipimo cha kitabu.