Oligaki ni nani? Maana ya neno kupitia kazi ya Leonid Mikhelson

Tangu Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine na serikali za Magharibi zikaanza kuzuia akaunti, majumba na mashua za kifahari za matajiri wa Kirusi, neno oligaki limezoeleka katika taarifa za habari za Kiswahili. Baadhi ya watangazaji husema bwanyenye, wengine husema tajiri au mkwasi, na wengine huliacha lilivyo. Tofauti hiyo ina uzito. Bwanyenye, kama tulivyolizoea neno hilo tangu enzi za siasa ya Ujamaa, ni mtu wa tabaka linalomiliki nyenzo za uzalishaji na kuishi kwa jasho la wengine. Mkwasi ni mtu mwenye mali nyingi, basi. Oligaki ana sifa ya ziada ambayo maneno hayo hayaibebi, na asiyeifahamu atashindwa kueleza kwa nini tajiri mmoja wa Kirusi alipokonywa kampuni yake na nchi yake mwenyewe, ilhali mwingine alijengewa bandari kwa fedha za serikali hiyohiyo.

Neno lenyewe ni la Kigiriki: oligos ni wachache, arkhein ni kutawala. Aristotle alilitumia kuelezea utawala wa matajiri wachache wanaoongoza dola kwa faida yao. Kwa asili yake, basi, neno linahusu madaraka kwanza na mali baadaye. Lilipoenea Urusi katika miaka ya 1990 lilikuwa bado karibu sana na asili hiyo. Mali ya umma iliyokuwa ya Usovieti ilianza kubinafsishwa, kwanza kwa vocha walizogawiwa wananchi kuanzia 1992, kisha kwa mpango wa mwaka 1995 ambao serikali iliyoishiwa fedha iliweka rehani hisa za mashirika yake makubwa kwa mabenki ya watu binafsi, ikashindwa kulipa, na hisa zikabaki kwa wakopeshaji. Kwa njia hiyo Mikhail Khodorkovsky na wenzake walipata asilimia 78 ya kampuni ya mafuta ya Yukos kwa takriban dola milioni 309. Mwaka uliofuata wenye mabenki hao walimsaidia Boris Yeltsin kushinda uchaguzi wa rais kwa fedha na kwa vituo vyao vya televisheni. Hao walikuwa wachache waliotawala, au angalau waliomshika mtawala mkono.

Mambo yaligeuka baada ya Vladimir Putin kuingia madarakani. Julai 2000 aliwaita wafanyabiashara wakubwa Kremlin, ikulu ya Urusi, na makubaliano yaliyoeleweka tangu hapo yalikuwa kwamba mali zao hazitaguswa ili mradi wakae mbali na siasa. Khodorkovsky hakukaa mbali. Oktoba 25, 2003 alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Novosibirsk, akakaa kifungoni miaka 10, na Yukos ikavunjwa. Kuanzia hapo neno oligaki lilibaki lilelile lakini maana yake ikapinduka: aliyekuwa akitawala kwa sababu ya mali yake sasa akawa mtu ambaye mali yake inategemea ruhusa ya anayetawala. Maana hii ya pili ndiyo ninayoiona kuwa sahihi kwa Urusi ya leo, na sijui mfano unaoionyesha vizuri zaidi ya kazi ya Leonid Mikhelson, mjenzi wa mabomba aliyekuja kuwa mmoja wa watu matajiri kuliko wote nchini humo.

Mikhelson alizaliwa Agosti 11, 1955 katika mji wa Kaspiysk, Dagestan, ufukweni mwa Bahari ya Kaspi. Alisomea uhandisi wa ujenzi mjini Kuybyshev, ambao leo unaitwa Samara, akahitimu 1977, na kazi yake ya kwanza ilikuwa usimamizi wa mafundi katika eneo la Surgut, Siberia ya Magharibi, kwenye ujenzi wa bomba la gesi la kutoka Urengoy hadi Chelyabinsk. Inafaa kuitazama kazi hiyo kwa karibu. Katika nchi ile kiangazi hugeuza ardhi kuwa kinamasi kisichobeba hata trekta, kwa hiyo mabomba hulazwa zaidi majira ya baridi, ardhi ikiwa imeganda na njia za magari zimefanywa kwa theluji iliyoshindiliwa. Mabomba makubwa ya enzi zile yalifikia kipenyo cha milimita 1,420, upana ambao mtoto wa miaka 10 anaweza kusimama ndani yake, na kila kiungo kilichomelewa na fundi aliyejikinga na upepo kwa kibanda kidogo huku mashine zikiachwa zinanguruma usiku kucha, kwa kuwa injini ikizimwa katika baridi ile huenda isiwake tena asubuhi. Mtu aliyeanzia hapo alikuwa mjenzi wa kweli, na ni haki jambo hilo lisemwe kabla ya mengine.

Alipanda cheo kwa utaratibu wa Kisovieti. Mwaka 1985 alikuwa mhandisi mkuu wa shirika la kujenga mabomba la Ryazan, na 1987 akawa mkurugenzi wa shirika la aina hiyohiyo la Kuybyshev, ambalo baba yake naye alikuwa amewahi kuliongoza. Mwaka 1991, Usovieti ikiwa katika miezi yake ya mwisho, shirika hilo lilikuwa miongoni mwa ya kwanza mkoani kugeuzwa kampuni ya hisa, likaitwa Nova. Mkurugenzi aliyeajiriwa na dola alikuwa sasa mwenye hisa katika kampuni ileile, na mitambo ileile, na mafundi walewale.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyomtoa kwenye ujenzi ikampeleka kwenye nishati. Urusi ya wakati ule ilikuwa nchi ya madeni yasiyolipwa: viwanda havikulipa umeme, serikali haikulipa wakandarasi, na watu walilipana kwa bidhaa badala ya fedha. Huko Tarko-Sale, kaskazini mwa Siberia, kampuni za wanajiolojia zilikuwa na leseni za maeneo yenye gesi lakini hazikuwa na fedha za kuyaendeleza. Mjenzi wa mabomba alikuwa na mitambo na mafundi. Mwaka 1994 ilianzishwa kampuni ya uwekezaji, Novafininvest, ambayo ilijikusanyia hisa katika maeneo hayo na baadaye ikachukua jina la Novatek. Gesi ya Tarko-Sale Mashariki ilianza kutoka 1998, ya Yurkharov 2003, na mwaka 2005 Novatek ikauza hisa zake London.

Hadi hapa hadithi inaweza kusomwa kama ya mfanyabiashara hodari wa nchi yoyote. Tofauti inaonekana mtu anapouliza gesi hiyo ilipita wapi. Mabomba makuu ya gesi ya Urusi ni ya Gazprom, kampuni ya dola, na sheria ya mwaka 2006 iliipa Gazprom peke yake haki ya kuuza gesi nje ya nchi. Mzalishaji binafsi angeweza kuchimba atakavyo, lakini bila idhini ya Gazprom gesi yake isingefika popote. Mwaka huohuo wa 2006 Gazprom ilinunua asilimia 19.4 ya Novatek. Kampuni ya Total ya Ufaransa nayo ilionja namna ruhusa inavyofanya kazi: mwaka 2004 ilikubaliana kununua robo ya Novatek, idhini ya mamlaka ya ushindani haikutoka, na mwaka 2005 mpango ukafa. Mwaka 2011 Total ilirudi na kununua asilimia 12, safari hii mkataba ukitiwa saini mbele ya Putin, aliyekuwa waziri mkuu, na hakuna mamlaka iliyochelewesha chochote. Katikati ya tarehe hizo mbili, mwaka 2009, Gennady Timchenko, mfanyabiashara wa mafuta anayefahamiana na Putin tangu miaka ya 1990, alikuwa ameingia Novatek kama mwenye hisa mkubwa. Miaka michache baadaye yeye na Mikhelson walikuwa pia wamiliki wa Sibur, kampuni kubwa kuliko zote nchini katika kemikali za petroli.

Mradi uliomfanya Mikhelson ajulikane duniani uko rasi ya Yamal, jina ambalo katika lugha ya Wanenets, wafugaji wa kulungu wa huko, maana yake ni mwisho wa nchi. Hapo, mahali paitwapo Sabetta, Novatek ilijenga kiwanda cha kusindika gesi asilia kuwa kimiminika. Gesi ikipozwa hadi takriban nyuzi 162 chini ya sifuri huwa kimiminika na ujazo wake hupungua mara 600 hivi, kwa hiyo hubebwa na meli bila kuhitaji bomba la mtu mwingine. Ndiyo teknolojia inayokusudiwa Likong'o, Lindi, na ambayo Total hiyohiyo, sasa TotalEnergies, inaiendeleza Afungi, Cabo Delgado. Majengo ya Sabetta yanasimama juu ya maelfu ya nguzo zilizochimbiwa katika ardhi iliyoganda, ili joto la mitambo lisiiyeyushe ardhi na kuzamisha kiwanda. Meli zake, 15 za aina moja zilizoundwa Korea Kusini, zina umbo lisilo la kawaida: katika maji ya wazi huenda kwa omo kama meli nyingine, lakini zikikuta barafu nene hugeuka na kwenda kwa tezi, propela zikiisaga barafu mbele ya chombo. Ya kwanza ilipewa jina la Christophe de Margerie, mkuu wa Total aliyefariki Oktoba 2014 ndege yake ilipogonga mtambo wa kuondoa theluji katika uwanja wa Vnukovo, Moscow.

Uhandisi huo unastahili sifa. Lakini mradi wa dola bilioni 27 ulisimama pia juu ya nguzo ambazo si za chuma. Desemba 2013 sheria ilibadilishwa ili kampuni kama Novatek iruhusiwe kuuza nje gesi iliyosindikwa, na haki ya Gazprom ikabaki kwenye mabomba. Mradi ulisamehewa kodi ya uchimbaji kwa miaka 12 na ushuru wa kuuza nje. Serikali iligharimia sehemu kubwa ya bandari ya Sabetta, na Marekani ilipoiwekea Novatek vikwazo vya mikopo mwaka 2014, mfuko wa taifa wa ustawi, ambao ni akiba ya Warusi wote, uliupa mradi rubo bilioni 150. Benki za China zilikamilisha fedha zilizopungua mwaka 2016. Desemba 8, 2017 Putin mwenyewe alikuwa Sabetta meli ya kwanza ikipakia. Kwa orodha za Forbes, Mikhelson alikuwa tajiri wa kwanza Urusi mwaka 2016 na tena 2017.

Je, huyu ni oligaki? Wapo wanaokataa, kwa hoja kwamba hakupata chochote katika mpango wa rehani wa 1995 na kwamba alijenga alichonacho. Wanaweza kumlinganisha na Arkady Rotenberg, aliyecheza judo na Putin ujanani, ambaye mwaka 2008 alinunua kampuni tanzu za ujenzi kutoka Gazprom, akaziunganisha kuwa Stroygazmontazh, kisha akapewa kandarasi za mabomba ya Gazprom ileile na hatimaye daraja la Crimea lenye urefu wa kilomita 19. Ulinganisho huo una ukweli: mmoja alianza na kazi akafikia ruhusa, mwingine alianza na ruhusa akapata kazi. Hata hivyo dhana yetu inauliza jambo moja tu, yaani mali hii ingebaki nini kama idhini ya dola ingeondolewa, na jibu kwa wote wawili ni lilelile. Ustadi wa Mikhelson ulimwezesha kuitumia ruhusa vizuri kuliko wengine. Haukumwezesha kuishi bila hiyo.

Wanaotaka kuiona kazi yake kwa macho bila kufika Yamal hupelekwa katikati ya Moscow, kwenye ukingo wa mto, ambako kituo cha kufua umeme cha mwaka 1907 kimegeuzwa jumba la sanaa liitwalo GES-2. Mfuko wa sanaa wa Mikhelson ulikinunua, mbunifu majengo Renzo Piano wa Italia akakisanifu upya, na kikafunguliwa Desemba 2021. Mabomba yake ya moshi ya zamani yamepakwa rangi ya buluu, na sasa badala ya kutoa moshi yanavuta hewa safi kuingia ndani. Miezi minne baada ya ufunguzi, Aprili 2022, Uingereza ilimwekea Mikhelson vikwazo binafsi.

Pigo zito zaidi lilikuja kwa mradi wake wa pili wa gesi ya kimiminika (kwa kifupi cha Kiingereza, LNG), Arctic LNG 2, kwenye rasi jirani ya Gydan, ambao mitambo yake ilijengwa juu ya majukwaa makubwa ya zege karibu na Murmansk kisha ikakokotwa baharini hadi mahali pake. Mtambo wa kwanza ulifika kiangazi cha 2023. Novemba mwaka huo Marekani ikauwekea mradi vikwazo, na washirika wa kigeni wakasitisha ushiriki wao. Mwaka 2024 shehena kadhaa zilipakiwa na meli zikazunguka baharini kwa miezi mingi bila mnunuzi aliyethubutu kuzipokea. Gesi ilikuwepo, mtambo ulifanya kazi, na Kremlin ilikuwa imeshasema ndiyo. Agosti 2025 meli moja hatimaye ilifunga gati Beihai, kusini mwa China, ikashusha shehena, kwa sababu safari hii Beijing ndiyo iliyokuwa imeruhusu.