Polisakaridi asilimia 60? Hata sembe inazo

Juzi tena. Mteja kaja na unga wake wa uyoga mamama, pakiti imependeza, cheti cha maabara mkononi: "polisakaridi asilimia 60", yaani minyororo mirefu ya sukari ya aina yoyote. Anachotaka ni nimkubalie aandike kwenye lebo "beta-glukani asilimia 60", yaani ile aina moja tu ya polisakaridi ambayo uyoga husifiwa kwayo. Nikamwambia, dada yangu, hizo ni namba mbili tofauti. Akanuna.

Hapa ndipo watu wanapoliwa hela, kwa hiyo nitakaa hapa. Vyeti vingi vya namna hii hutokana na kipimo cha fenoli na asidi ya salfuriki. Asidi inavunja kabohaidreti yoyote iliyomo mpaka sukari, fenoli inaleta rangi ya machungwa, unasoma kwenye nanomita 490. Basi. Kipimo hakiulizi kama sukari ile ilifungwa kwa kiungo cha alfa, kama kwenye wanga, au cha beta, wala kama ilitoka kwenye uyoga au kwenye mtama. Kipe sembe, kitasoma zaidi ya asilimia 70. Tuiuze kama dawa?

Mtama nimeutaja makusudi. Mbegu ya uyoga huoteshwa juu ya nafaka, na mtama ndio unaotumika sana. Anayesaga utando (nyuzi nyeupe za uyoga) pamoja na nafaka yake, bila kungoja uyoga utoke, anakuuzia wanga. Uyoga hauna wanga. Akiba yake ni glaikojeni. Chemsha unga kidogo, uache upoe, dondoshea iodini: ukigeuka bluu iliyokolea, kuna nafaka humo. Ila iodini ikinyamaza usishangilie, maana maltodekstrini, yaani wanga uliokatwakatwa, inaweza kupita bila kuonekana. Pima glukani zote (minyororo ya glukosi, alfa na beta), pima alfa-glukani kwa vimeng'enya, kisha toa namba ya pili kwenye ya kwanza. Inayobaki ndiyo beta. Na kabla ya yote osha sampuli kwa ethanoli ya asilimia 80 ili sukari huru iondoke. Hatua hii inarukwa kila siku, na mimi kila siku nagomba.

Na kuna maneno mengine nayasikia. Mtu anamimina ethanoli kwenye maji aliyochemshia uyoga, kisha: "Mashapo meupe ni beta-glukani safi." Wapi! Ethanoli inaangusha protini, wanga na chumvi pia. Ondoa protini kwa kloroformu na butanoli, fanya dayalisisi (kuchuja kwa utando ili chumvi itoke), ndipo uende kwenye mizani.

"Kuchemsha kunaua dawa." Sisi wenyewe beta-glukani tunazitoa kwa maji ya moto, saa kadhaa. Zinazogoma tunazifuata kwa sodiamu haidroksidi. Hazifi kwa sufuria yako.

"Kula shiitake ni sawa na kutumia lentinani." Lentinani ni beta-glukani ya uyoga wa shiitake; mtafiti Goro Chihara na wenzake waliitenga Japani, wakaripoti mwaka 1969; baadaye ikaruhusiwa huko kutumika pamoja na kemotherapi kwa wagonjwa wa saratani ya tumbo. Ni sindano hiyo, iliyosafishwa na kupimwa dozi. Shiitake hata mimi naipenda, ya kukaanga na kitunguu saumu, lakini hicho ni kitoweo.