Pima gharama kwa mgonjwa, si kwa idara

Hospitali ikiambiwa ibane matumizi, kwa kawaida kila idara hukatwa asilimia fulani. Maabara inapunguza zamu ya usiku, majibu yanachelewa, na mgonjwa ambaye angeruhusiwa asubuhi analala siku nyingine. Kwenye vitabu vya maabara fedha imeokolewa. Wodini imetumika zaidi. Ndiyo maana mimi hupima gharama ya tatizo moja, tuseme kubadilisha goti, tangu mapokezi hadi mgonjwa atembee.

Njia hii, iliyoenezwa na Robert Kaplan na Michael Porter, maprofesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, haina uchawi. Andika kila hatua, anayeifanya na dakika zake. Mfuate mgonjwa ukiwa na saa. Ukiuliza ofisini utapewa dakika za kazi, za kusubiri zitasahaulika. Kisha tafuta gharama ya dakika moja ya kila mhudumu: jumlisha mshahara, marupurupu, chumba na vifaa vyake, ugawanye kwa dakika anazopatikana kweli kuhudumia wagonjwa. Wengi huharibu hapa. Hugawanya kwa saa za mkataba bila kutoa likizo, mafunzo na vikao, na dakika ya daktari bingwa ikaonekana nafuu kuliko ilivyo.

Ramani hiyo ya hatua na dakika huonyesha haraka nani anafanya kazi isiyo yake. Katika hospitali za macho za Aravind, India, wasaidizi waliofunzwa hupima na kuandaa wagonjwa, na mpasuaji akimaliza meza moja hugeukia ya pili iliyo tayari.

Lakini usipunguze dakika bila kupima matokeo. Maambukizi ya mrija unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa wa damu hula fedha nyingi kuliko dakika zote ulizookoa. Katika vyumba vya mahututi vya Michigan, Marekani, walisimamia mambo matano: kunawa mikono, kujifunika kikamilifu, dawa ya kuua vijidudu ya klorheksidini kwenye ngozi, kuepuka mshipa wa paja, kuondoa mrija usiohitajika. Matokeo yalichapishwa 2006: kiwango cha kati (wastani wa katikati, median) kilishuka kutoka maambukizi 2.7 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa kuwa na mrija hadi sifuri. Orodha peke yake isingetosha. Vifaa vyote viliwekwa kwenye toroli moja, na muuguzi aliruhusiwa kumsimamisha daktari anayeruka hatua. Pasipo ruhusa hiyo, fomu hujazwa mwisho wa zamu, kwa kumbukumbu.

Tena, dakika zilizookolewa si fedha bado. Mishahara italipwa vilevile mpaka uzijaze kwa wagonjwa wengine au ufunge kipindi kizima cha upasuaji.