2,147,483,647: namba tasa inayokaa ndani ya daftari la chama

Chama cha akiba na mikopo chenye wanachama 1,000, kila mmoja akiwa ameweka shilingi milioni 2 na laki 2, kina bilioni 2.2. Kwa shilingi yetu ya Uganda, hicho si kiasi cha kumshtua mweka hazina. Programu ya hesabu iliyoandikwa kizamani, hata hivyo, inaweza kushindwa kukibeba, kwa sababu kikomo chake ni 2,147,483,647.

Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Kompyuta huandika kila kitu kwa 0 na 1, na kwake namba hii ni 1 thelathini na moja mfululizo. Kila 0 au 1 moja huitwa biti. Nafasi ya biti 32 hutumia biti moja kutofautisha chanya na hasi, na 31 zilizobaki hubeba namba yenyewe. Zikishajaa, ukiongeza shilingi moja tu, mashine nyingi husoma hasi 2,147,483,648. Akiba imegeuka deni.

Mimi kama mwalimu wa hisabati, kinachonikamata zaidi ni kwamba namba hii ni tasa. Inaishia na 7, kwa hiyo 2 na 5 haziigawanyi. Jumla ya tarakimu zake ni 46, ambayo haigawanyiki kwa 3, basi nayo haigawanyiki kwa 3. Lakini kwenda hivi hadi kwenye kipeuo chake cha pili, yaani 46,340 na ushei, kuna namba tasa maelfu za kujaribu kwa kalamu. Mwanahisabati Leonhard Euler wa Uswisi alilimaliza jambo hili mwaka 1772, macho yake yakiwa karibu yamepofuka kabisa. Alionyesha kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikigawanya kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Chini ya kipeuo kile, namba za aina hiyo ni 373 tu, na nyingi zinaanguka zenyewe. 63, kwa mfano, si tasa. Hakuna hata moja inayoigawanya. Huo ndio uzuri ninaotamani kila mwanafunzi wa sekondari auonje.

Tahadhari moja: kipeo kuwa tasa, kama 31, hakutoshi kuifanya namba ya aina hii iwe tasa. 2 kwa kipeo cha 11, toa 1, ni 2,047, yaani 23 × 89.

Saa za kompyuta nyingi za zamani nazo huhesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 ndani ya biti hizohizo 32. Zitajaa Jumanne, 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa za hapa kwetu. Mweka hazina, muulize aliyekuuzia programu: kiasi cha fedha na tarehe vinahifadhiwa kwa biti 32 au 64? Akisema 32, mwombe abadilishe kabla akiba haijafika bilioni 2.