Joto la kaskazi na mgonjwa wa MS

Kaskazi ikishika, kuanzia Desemba hadi Machi, wagonjwa wangu wa MS (multipo sklerosisi, ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo) hupiga simu na neno moja: "Daktari, ugonjwa umerudi." Mguu umekuwa mzito, au jicho limeingia ukungu. Nikidadisi, nakuta mtu alikuwa mbele ya jiko la mkaa au kwenye daladala iliyoshona saa nane mchana. Nami huuliza: ulipokaa kwenye feni, hali ilitulia? Ikiwa ilitulia baada ya muda mfupi, hilo si shambulio jipya.

Katika multipo sklerosisi, kinga ya mwili hushambulia mayelini, utando unaozifunika nyuzi za neva kwenye ubongo na uti wa mgongo, kama plastiki ya waya wa umeme. Palipochunika, taarifa bado hupita, ila kwa kusuasua. Mwili ukipanda joto hata nusu nyuzi, pale hugoma; ukipoa, hupita tena. Daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza jambo hili mwaka 1890, kwa wagonjwa ambao macho yao yalififia baada ya mazoezi. Kabla ya MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili, kuja, kuna madaktari waliowatumbukiza wagonjwa kwenye maji ya moto ili dalili zijitokeze. Afadhali siku zile zimepita.

Shambulio la kweli huleta dalili mpya, au ya zamani iliyozidi, ikadumu angalau saa 24, na mtu hana homa wala maambukizi. Hapo kwenye maambukizi ndipo penye mtego. Malaria, au UTI isiyouma hata kidogo, yaweza kumfanya mtu ashindwe kunyanyua mguu. Ndiyo maana napima damu na mkojo kwanza, kabla ya kufikiria steroidi, dawa za kutuliza shambulio. Na wengi hujitafutia UTI wenyewe: mkojo hauwapi nafasi ya kufika chooni, basi wanajinyima maji. Kunyweni jamani, hilo la mkojo lina dawa zake.

Kupika kufanyike alfajiri, ukiwa umekaa kwenye stuli. Kitambaa cha maji ya barafu shingoni husaidia kuliko watu wanavyodhani. Mazoezi usiyaache kwa kuogopa joto. Fanya jua likishazama, maana misuli iliyolegea kwa kukaa, feni haiirudishi.

Na kama bosi haelewi kwa nini unaomba kukaa karibu na kiyoyozi, njoo nikuandikie barua.