Je, wajua kwa nini mtambo wa kuzalisha umeme kwa upepo shambani kwa jirani ni shauri lako pia?

Ukipita penye mitambo ya upepo iliyosimikwa mashambani, kinachoshangaza kwanza ni uwazi. Nguzo moja hapa, nyingine kule mbali, na katikati mazao yamestawi kama kawaida. Basi kama nafasi yote hii imebaki kwa mkulima, mbona kijiji kizima hukaa vikao miezi na miezi kabla ya kukubali au kukataa? Si mwenye shamba aamue mwenyewe?

Jibu linaanzia kwenye upepo. Nguvu yake hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi: upepo wa mita 7 kwa sekunde una nguvu karibu asilimia 60 zaidi ya ule wa mita 6. Tofauti hiyo shavuni huisikii, lakini ndiyo inayomfanya mwekezaji ang'ang'anie kilima kimoja na kukipita cha pili bila kukitupia jicho. Tena, upepo hauchoteki wote. Mjerumani Albert Betz alikwisha kuonyesha karne iliyopita kwamba mtambo hauwezi kunasa zaidi ya asilimia 59 ya nguvu yake, kwa sababu hewa ikinyang'anywa yote itasimama papo hapo na kuizibia njia hewa inayokuja nyuma. Ile inayofanikiwa kupita hutoka imechoka na kuvurugika. Ndiyo maana mtambo unaofuata huwekwa mbali, mara nyingi umbali wa mara tano hadi tisa ya kipenyo cha duara linalochorwa na mapanga yake yanapozunguka. Duara likiwa la mita 130, hapo unazungumzia mita 650 hadi zaidi ya kilomita moja.

Mwaka 2009 maabara ya taifa ya nishati jadidifu ya Marekani ilipiga hesabu ya miradi mingi ya aina hii. Kwa wastani kila megawati ya uwezo wa mitambo ilitandaa kwenye hekta 34 hivi, lakini ardhi iliyochukuliwa kwa kudumu kwa nguzo, barabara na vituo vya umeme ilikuwa kama theluthi moja ya hekta tu. Mtambo hula ardhi kidogo sana. Unachokula ni hewa, na hewa haina mpaka wala hati.

Sauti nayo haina mpaka. Ncha za mapanga hukimbia kwa kasi inayoweza kukaribia kilomita 300 kwa saa, hata pale ambapo kwa macho zinaonekana kujizungukia tu polepole. Ule mvumo wa fwuu… fwuu… hutoka hasa huko nchani. Mita 350 kutoka kwenye mitambo, sauti huwa takriban desibeli 35 hadi 45. Mjini hata huisikii. Shambani saa nane za usiku, palipo kimya, unalala nayo. Na jua likiwa chini, kivuli cha panga hukata dirishani, giza na mwanga, giza na mwanga. Ujerumani imekiwekea kivuli hicho kikomo cha dakika 30 kwa siku na saa 30 kwa mwaka kwa nyumba moja. Kikizidi, mtambo husimamishwa.

Sasa, nani anakereka? Watafiti wa Uholanzi waliwahoji watu 725 wanaoishi karibu na mitambo, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Waliokuwa wakipata faida ya fedha kutokana na mitambo walikuwa wakiisikia kwa nguvu zaidi, lakini karibu hawakukerwa nayo. Wepesi wa kusema hudai basi kelele ni za kubuni. Sioni hivyo. Mtu anayelipwa kodi ya shamba lake, na pengine alishirikishwa tangu mwanzo, husikia mapato yakizunguka. Jirani yake, ng'ambo ya ua, husikia mashine ya mtu mwingine.

Denmark iliuelewa mchezo huo mapema. Kuanzia mwaka 2009, sheria iliwataka wajenzi wa mitambo mipya kuwapa wakazi wa karibu nafasi ya kununua angalau asilimia 20 ya hisa. Baadaye utaratibu huo ulibadilishwa kuwa malipo ya kila mwaka kwa nyumba zilizo karibu. Poland ilishika njia ya umbali: mwaka 2016 ilitaka kila mtambo mpya ukae mbali na nyumba kwa mara kumi ya urefu wake, na ujenzi mpya ukakwama karibu kabisa, hadi mwaka 2023 ilipolegeza na kuruhusu mita 700. Kinangop, nchini Kenya, mradi wa takriban megawati 60 ulifutwa mwaka 2016 baada ya wakulima kuupinga, ardhi ikiwa kwenye kiini cha ugomvi.

Mwenye shamba naye asidhani amemaliza kwa kutia sahihi. Kreni inayopandisha mapanga ni nzito mno, na udongo uliolowa ukikanyagwa nayo hushikamana kama tofali. Jembe hudunda, maji ya mvua hutuama, na mavuno ya ukanda ule huweza kushuka kwa miaka kadhaa. Wakichimba mitaro ya nyaya na kuchanganya udongo wa juu na wa chini, hasara ni ileile. Haya huzuilika kwa vifungu viwili vitatu vya mkataba, ilimradi viandikwe kabla magari hayajaingia.

Kifungu ninachokitafuta kwanza ni kile cha kubomoa. Mkataba huchukua miaka 25 au 30, na chini ya kila nguzo kuna msingi wa zege wenye upana wa mita 20 hivi. Mara nyingi ahadi ni kuuvunja hadi kina cha mita moja tu, uliobaki ufukiwe. Na kama kampuni itakuwa imeshafilisika wakati huo, na hakuna fedha iliyowekwa dhamana mapema, atakayekutana na zege hilo ni mtoto wa aliyetia sahihi.