Plastiki ya bahari mjini Lamu: yanayosemwa na yalivyo

"Plastiki ni balaa la kasa na samaki."

Na punda je? Mji wa Kale wa Lamu, uliomo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, vichochoro vyake havipitishi gari. Saruji na mchanga hubebwa na punda. Bamvua likijaa huacha taka kando ya mji, na punda aliyeachiwa ajitafutie hupita papo hapo. Mfuko haumezi kwa upumbavu: anafuata ganda la embe lililofungwa ndani. Hawezi kutapika, basi mfuko unajiviringisha na nyasi hadi unaziba utumbo mpana. Punda huficha maumivu, kwa hiyo usingoje agaegae. Akisusa chakula, akaduwaa, kinyesi kikapungua, mwite daktari wa mifugo. Usimnyweshe mafuta kwa chupa. Yakipotea njia huingia mapafuni. Akifa, mwenye punda amepoteza riziki, na mbio za punda za Maulidi zimepungukiwa. Maganda yamwage wazi kwenye karai, usiyafunge.

"Marufuku ya 2017 ilimaliza kazi."

Marufuku hiyo ya Kenya ilihusu mifuko ya plastiki. Chupa, ndara na vipande vya nyavu vingalipo, na fukwe zinazotazama bahari kuu hupokea hata chupa za Indonesia. Karatasi ya nje huwa imebanduka zamani. Ukitaka kujua chupa ilikotoka, soma maandishi ya kifuniko.

"Mashua ya plastiki inaua ufundi wa wazee."

Hapa ndipo watu hukosea zaidi. Flipflopi, mashua ya plastiki iliyoshushwa majini Lamu mwaka 2018 chini ya fundi Ali Skanda, ina urefu wa meta 9 na ilimeza tani 10 hivi za plastiki. Ndara kama 30,000 zikavishwa ubavuni. Mwaka 2019 ilisafiri hadi Zanzibar. Kuyeyusha tu hakutoi mashua. Plastiki ya madumu huyeyuka karibu nyuzi 130 za Selsiasi, ya chupa za maji karibu 250. Ukizichanganya kwa moto wa madumu, chupa hubaki punje ngumu na ubao hukatikia hapo. Ukizidisha moto, dumu linaungua. Chambua kwanza. Halafu kuna viungo: mbao ikilowa huvimba ikaziba mwanya, plastiki haivimbi. Fundi asiyejua kuoanisha ubao kwa ubao, chombo chake kitavuja siku ya kwanza.